Mlaze kwa Ubavu, Baki Naye

Simu ya kifo cha Mama Katungu ilinikuta kwenye ateliye yangu ya ushonaji hapa Butembo, sindano mdomoni na sketi ya mteja mapajani. Kabla aliyepiga hajamaliza kueleza, nilikwisha kusimama, nikaketi, nikasimama tena. Ndivyo nilivyo. Kanisani natafuta benchi iliyo karibu na mlango. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla ya kusalimu vizuri naangalia moto uko wapi, meza ipi ina kona kali, nani ameketi karibu na ngazi. Mume wangu anasema naingia kwa watu kama askari wa doria. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka mmoja ndio ulionigeuza, mwaka niliokaa Beni katika chumba cha nyuma cha Mama Katungu, mimi na Kanyere. Kesho yake, nikiwa nyuma ya motard kwenye pikipiki kwenda Beni, vumbi la njia ya Kalunguta likiniingia machoni, nilipaswa kumlilia marehemu aliyenipokea kama binti yake. Badala yake nilijiuliza jambo moja tu njia nzima: je, Kanyere atakuja kwenye kilio? Na akija, atanisalimu?

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nilipohamia Beni kujifunza ushonaji. Ebola ilikuwa imetoka Mangina na kuingia mjini, na kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klori na kijana mwenye kipimo cha joto cha kukuelekezea kwenye paji la uso. Watu waliacha kupeana mikono, wakagusana viwiko huku wakicheka kwa aibu. Mama Katungu alikaanga beignets, maandazi ya kuuza, uani tangu alfajiri, na kupitia dirisha letu harufu ya mafuta ya moto na harufu ya klori ziliingia pamoja, hata leo siwezi kunusa moja bila kuikumbuka nyingine. Chumba kilikuwa cha mbao, magodoro mawili chini, kikwembe cha kijani kikining'inia katikati kama pazia, babula, jiko letu la makaa, karibu na mlango. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulijua jirani ameweka chumvi kiasi gani kwenye sombe, kisamvu chake, maana mume wake alilalamika kila siku. Kanyere alinikuta nimesimama na begi langu, nisijue pa kuliweka. Alinizidi miaka miwili, alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja karibu na soko, na kwaya yao ilimtegemea kwa sauti ya juu. "Karibu, Masika," akaniambia. "Chumba ni kadogo, na miye nacheka sana. Utazoea." Nilizoea kwa siku chache. Alicheka na mwili wote, akishika ukuta, mpaka Mama Katungu anapiga kelele kutoka uani kwamba tutaangusha nyumba.

Asubuhi moja nilikuwa napinda ukingo wa sare ya shule, naye amechutama anakoroga maharagi, ananisimulia mteja aliyelala usingizi akisukwa. Akakata neno katikati. Akautazama ukuta kama mtu aliyeitwa kutoka upande wa pili. Kisha akatoa sauti ambayo sikujua kama inaweza kutoka kwa mtu, akaanguka, mwili umekaza kama ubao, halafu mikono na miguu ikaanza kupiga sakafu. Nilifanya kila kosa linalowezekana. Nilimkalia mabega kwa uzito wangu wote ili atulie. Nilichukua kijiko nikajaribu kumpanua meno, kwa sababu utotoni nilisikia kwamba mtu wa hivyo humeza ulimi wake. Nilimmwagia kikombe cha maji usoni. Sikuuona mguu wake unaopiga karibu na babula. Mama Katungu ndiye aliyeingia mbio, mikono imejaa unga, akaivuta babula nje kwa mguu wake mwenyewe na kunifokea: "Toa ile kijiko! Utamuvunja meno!" Zaidi ya hapo yeye pia hakujua la kufanya. Alipiga magoti mlangoni akaomba kwa Kinande, kwa sauti ya chini na ya haraka. Mwili ukalegea wenyewe. Kanyere akalala usingizi mzito, na alipoamka aliuliza nani ameunguza maharagi.

Tulipomwambia, alitazama mikono yake. "Basi sasa unajua," akasema. "Inanishika tangu utoto. Mama anajua, na weye unajua. Hapa Beni batu babili. Inatosha. Kambale hapana ajue."

Kambale alikuwa mchumba wake, mwana wa wakulima wa kakao kule Mangina, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'aa hata siku ya mvua. "Utamwambia lini?" nikamuuliza. "Kisha ndoa." "Na akikuona mbele ya ndoa?" Akachukua kitana akaanza kufumua nywele zake kwa nguvu. "Masika, unajua vile batu banasema. Ukishika povu ya mutu wa kifafa, inakurukia. Jamaa yake bakisikia, bataenda kutafuta muke mwingine siku ileile." Na ni kweli, nilikuwa nimeyasikia hayo kupitia ukuta wetu, jirani akimwambia mumewe kuhusu binti fulani wa kwao ambaye alianguka kwenye moto na watu wakamwacha aungue, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kumshika. Jirani alisimulia huku anapepeta mchele. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Kanisa letu lilianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza Jumamosi mchana, maana watu waliogopa vituo vya afya na wengi walikuwa wakitibiana nyumbani vibaya. Nilijiandikisha siku ya kwanza. Mwalimu alikuwa infirmier Paluku, muuguzi, mwanaume mwembamba aliyesema haraka na kutembea huku na huku mbele ya madhabahu, nami nilimpenda papo hapo kwa sababu yeye pia hakuweza kutulia. Alituanzia na macho. Kabla ya kumkimbilia mtu, angalia pale alipo: je, kuna waya wa umeme, moto, gari linalokuja? Ukianguka na wewe, alisema, tutakuwa na wagonjwa wawili na msaidizi hakuna. Kisha mikono: katika majira yale damu ya mtu haikuguswa bila glovu, na kama glovu hazipo, mifuko ya plastiki mizima, halafu sabuni na maji. Damu inayotoka, kandamiza kwa kitambaa safi na usikiondoe kila mara kuchungulia. Moto ukikuunguza, maji baridi yanayotiririka, kwa muda mrefu, si dawa ya meno, si mafuta ya mawese. Aliyevunjika mguu usimnyooshe, usimbebe kama gunia. Wakati wote huo nilikuwa nasubiri, goti langu likirukaruka chini ya benchi, mpaka nikanyoosha mkono. "Na mutu mwenye anaanguka kifafa?"

Watu waligeuka kunitazama. Paluku hakuuliza ni kwa nini nataka kujua. "Hapana mushike kwa nguvu," akasema. "Hapana tia kitu mu kinywa, hata kidole, hata kijiko, hata maji. Ulimi haumezwi. Toa vitu vya hatari karibu yake. Tia kitambaa laini chini ya kichwa. Legeza nguo mu shingo. Angalia saa: ikipita dakika tano, ao ikimushika tena mbele aamuke, ao kama ni mara yake ya kwanza, ao kama ameumia, mupeleke hospitali mbio. Akilegea, mulaze kwa ubavu, mate ipate njia ya kutoka. Kisha baki naye. Ataamuka na hajui iko wapi. Sura ya kwanza ataona, ikuwe sura ya mutu haiogopi." Mama mmoja akauliza kama povu inaambukiza. Paluku akasimama kwa mara ya kwanza tangu aanze. "Mama, kifafa ni ugonjwa wa bongo. Hairuki. Batu njo banaruka."

Jioni ile nilimfundisha Kanyere mwenyewe, ajabu iliyoje, kumfundisha mtu namna ya kumshika yeye mwenyewe. Alijilaza sakafuni, nami nikapiga goti pembeni, mkono wake mmoja nikaupeleka mbele, mwingine chini ya shavu, goti nikalikunja, nikamvuta kwa taratibu mpaka akakaa ubavu. "Unanipindua sawa beignet!" akacheka, machozi yanamtoka. Mama Katungu alisimama mlangoni na mwiko wake, akasema turudie tena, na mara ya tatu akapiga goti yeye mwenyewe kwa tabu, akajaribu.

Kuanzia hapo ndipo nilipopoteza utulivu. Alianguka mara mbili tena miezi ile, na mara zote mbili nilifanya kama nilivyofundishwa na mambo yakaisha salama, lakini moyo wangu haukukubali kwamba yameisha. Nilisikiliza pumzi zake ng'ambo ya pazia. Kikombe kikianguka uani, nilikuwa tayari mlangoni. Nilihamisha babula, nikafunga vitambaa kwenye kona za meza, nikamfuata hadi kisimani. Siku moja aligeuka njiani, ndoo kichwani. "Masika, unanichunga sawa mufungwa! Hata kuoga unagonga mulango!" "Naogopa," nikasema. "Na miye? Unazani miye haiogopi? Lakini nataka niogope peke yangu saa ingine!" Tulirudi nyumbani, tukala fufu na mboga za lengalenga kwenye sahani moja, kila mtu akitazama upande wake wa sahani.

Nilikuwa na sababu nyingine ya hofu. Kanyere alikuwa anameza vidonge kila jioni, akivichukua kwenye kituo cha afya. Sasa mtu aliyefika langoni na joto kidogo aliwekwa kando, na mtaani maneno yalikuwa mengi juu ya waliobebwa kwenye mahema ya Ebola na hawakurudi. "Nikienda pale na kichwa kiniume, banibebe," alisema, "Kambale atasikia nini?" Akaanza kukata vidonge nusu. Nilimweleza kwamba dawa ile haipunguzwi bila daktari, nikajitolea kumsindikiza, nikamtuma Mama Katungu amwombe. Kila mara alisema wiki ijayo. Wiki ambayo ujumbe ulifika kwamba wazee wa Kambale wanakuja kumposa, nilimkuta anautikisa mkebe wa vidonge, na mkebe haukutoa sauti.

Wazee walikuja Jumamosi, jua kali. Mama Katungu alisimama mahali pa mzazi. Tulikuwa tumekopa viti vya plastiki kwa majirani, tumepika kuku, wali, ndizi, na ndoo ya klori ilisimama langoni na sabuni mpya. Kanyere alikuwa hajalala. Usiku mzima aliwasuka wasichana wa kwaya, na asubuhi hakutia kitu tumboni, kwa furaha na kwa woga. Baba mdogo wa Kambale, mzee mwenye kofia na sauti ya kuzoea kusikilizwa, alikuwa anaeleza habari za mbuzi wa mahari wakati Kanyere alipotoka na sinia la soda. Alipiga magoti kumpa mzee chupa. Nilimwona akitazama ukuta wa mbao. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja, na nilianza kukimbia kabla sinia halijaanguka.

Nilichelewa kidogo tu. Alianguka kwa ubavu juu ya udongo, chupa zikabingirika, mwili ukakaza, na meno yalipofunga yaliuma ulimi. Damu ikatoka pembeni mwa mdomo, imechanganyika na povu, ikashuka kwenye kola nyeupe. Kisha mtu mmoja akapiga ukelele: "Damu mu kinywa! Ni Ebola! Ni Ebola!" Viti vilipinduka. Wanawake walikamata watoto. Mzee mwenye kofia aliruka nyuma, akaita wavulana: "Musimuguse! Leteni klori! Mumwangie yote!" Kijana mmoja aliikamata kweli ile ndoo ya langoni, akaja nayo imejaa hadi juu. Nilifikiria maji yale makali yakimwingia Kanyere machoni, yakimwingia kooni wakati hawezi kumeza. Nilikuwa nimevuta mifuko miwili ya plastiki kutoka kwenye fungu la mkate, naivaa mikononi, na vidole vyangu vilikataa kuingia.

"Tula ndoo chini!" nilipiga kelele. "Si Ebola!"

"Unajua nini weye?" mzee akanijibu. "Damu inatoka!"

Ila ile siri, hakuna neno ambalo lingemsimamisha yule kijana. Nilimwona Kambale amesimama nyuma ya viti vilivyoanguka, viatu vyake vinang'aa, mdomo wazi. Nikasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Ni kifafa! Anaanguka kifafa tangu utoto! Ameuma ulimi, basi!"

Ndoo ikashuka, maji yakamwagikia miguu ya kijana. Mama Katungu alikuwa amefika, akasimama kati yetu na wao, mikono kiunoni, pumzi zikimpanda. Mifuko ikaingia mwishowe, nikavuta kiti mbali na kichwa cha Kanyere, nikakunja kitambaa changu nikamwekea chini, nikafungua kifungo cha kola. Nilitazama saa ya Mama Katungu kwenye mkono wake. Sikumshika. Nadhani hakuna kazi ngumu kama ile, kukaa karibu na mtu anayepiga ardhi na kuiacha mikono yako mapajani. Alipolegea nilimgeuza ubavu, damu na mate vikatiririka nje, na pumzi ikaingia na sauti kama ya mtu anayekoroma. Nikabaki naye. Nyuma yangu nilisikia viti vikiokotwa, pikipiki zikiwashwa, mbuzi mmoja akilia akipakiwa tena.

Alipofumbua macho, nilijitahidi sura yangu iwe kama Paluku alivyosema. Alinitazama, kisha akatazama uwanja mtupu, sufuria zilizofunikwa, soda kwenye udongo. "Beko wapi?" akauliza, ulimi umevimba. "Bameenda," nikasema. "Banajua?" "Banajua." "Nani amesema?" Nikamwambia ni mimi, nikamweleza habari ya ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ungeacha bamwange," akasema, akageuza uso.

Siku mbili baadaye alipanda gari kwenda kwa dada yake Butembo. Mama Katungu alimfungia chapati na mayai kwa ajili ya njiani, nami nilisimama langoni nimeshika begi lake. Alilichukua mkononi mwangu, akaingia garini. Wiki hiyohiyo Kambale alikuja kwenye ateliye nilikokuwa najifunza. Nilidhani anakuja kuuliza ni kwa nini tulimdanganya, nikajiandaa kumjibu vikali. Alisimama kati ya cherehani, ameishika kofia yake kwa mikono miwili. "Ule mambo ulifanya," akasema, "nionyeshe." Nilimtazama nisiamini. "Siku ile miguu yangu ilikataa kwenda. Nilisimama tu. Sitaki isimame tena." Wenzangu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mmoja alilala sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, na Kambale akapiga magoti na suruali yake safi, akakosea mkono, akaanza upya, jasho likimtoka kama anayebeba gunia la kakao.

Habari za baadaye nilizipata kwa simu za Mama Katungu. Kambale alienda Butembo, akarudishwa, akaenda tena. Kanyere alianza tena dawa zake. Waliunganishwa kanisani, wakaenda kuishi Mangina, na yule baba mdogo hakukanyaga harusini. Mimi pia sikualikwa. Mama Katungu aliniambia hilo kwa haraka, akaingia mara moja kwenye bei ya unga, ili nisipate nafasi ya kulia.

Basi nilipofika kwenye kilio nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameketi mkekani pamoja na wamama wanaomenya ndizi, amenenepa kidogo, kisu kinakwenda mbio kama zamani kitana. Kambale alikuwa nje na wanaume wanaotayarisha jeneza. Sikujua nianzie wapi, nikasimama mlangoni kama siku ile ya begi. Ni yeye aliyesogea akanipa nafasi mkekani, akanitia kisu mkononi. Tulimenya. Mama mmoja mgeni alikuja na sufuria ya mafuta ya moto akaiweka karibu na Kanyere, naye akasema, bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Mama, sogeza ile sufuria kidogo. Miye niko naanguka kifafa. Nikianguka, hapana ogopa. Munipe nafasi, munilaze kwa ubavu, mungoje." Wamama wakaacha visu. "Hairuki?" mmoja akauliza. "Ingekuwa inaruka, bwana yangu na batoto bote bangekuwa chini." Wakacheka, sufuria ikasogezwa, visu vikaendelea.

"Nilikukasirikia miaka tatu," akaniambia baadaye, tukiwa wawili tu. "Kisha nikachoka. Kukasirika ni kazi ya kila siku, na miye niko na kakao, niko na batoto."

"Ningesema tena," nikasema. "Hata leo, ndoo ile ikija, ningesema tena."

"Najua. Njo maana nilichoka." Alinitazama usoni, kisha miguu yangu iliyokuwa inagonga mkeka, kisha macho yangu yaliyokwisha kuipima nyumba nzima tangu nilipoingia. Akasukuma maganda pembeni, akakunja kikwembe chake akakiweka mkekani. "Lala kidogo, Masika. Umechoka na njia. Batakuita." Nilimwambia kwamba siwezi kulala mchana, tena penye watu wengi hivi. Aliweka mkono wake begani kwangu, ukakaa hapo, mzito na wenye harufu ya ndizi mbichi. Nililala, nyumba imejaa watu na vilio, nikalala kabisa, mpaka waliponiamsha twende kumzika Mama Katungu.